KILABU YA WACHIMBA MAKAA, NA KILABU TUNAYOITAKA SISI

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku ile.)



Mnajua ya kwamba leo tuna shauri moja la kukata. Vijana wetu wanataka kilabu ya mchezo. Tajiri amesema yuko tayari kuwanunulia jezi na mipira, na kuwapa gari la kuwachukua siku za Jumamosi, kwa masharti mawili: jina la kampuni liandikwe kifuani, na nahodha na mkufunzi wachaguliwe na ofisi. Wengine wenu wanasema tukubali upesi kabla hajabadili nia. Wengine wanasema tukatae, kwa kuwa nguo ya kuazima haisitiri mwili. Halmashauri imeniomba niseme machache kabla ya kura. Nami nimeona heri niwaletee habari za wafanya kazi wa mbali waliopata kukabiliwa na mambo kama haya, mkapime wenyewe.

Wafanya kazi hao ni wa mji uitwao Featherstone, kaskazini ya Uingereza, katika jimbo la Yorkshire. Ni mji mdogo, na kwa zaidi ya miaka mia watu wake waliishi kwa kazi ya kuchimba makaa ya mawe. Mchezo wao ni raga, lakini si ile tuliyoizoea hapa Kenya. Sisi tunajua raga ya watu 15, na ile ya watu 7 ambayo vijana wetu walishinda nayo kombe la Singapore mwaka 2016. Yao huitwa raga ya ligi. Kila upande una watu 13. Mtu akiangushwa husimama, huuweka mpira chini, huurudisha nyuma kwa mguu, na mchezo huendelea. Wakiangushwa mara sita bila kufunga, mpira huwa wa wenzao.

Mtauliza, kwa nini raga iwe za namna mbili? Jibu lake ndilo linalotuhusu sisi watu wa chama. Michezo hii haikutengana kwa ugomvi wa sheria za uwanjani. Ilitengana kwa ugomvi wa mshahara.

MSHAHARA WA JUMAMOSI

Katika miaka ya 1880 na 1890 raga ya Uingereza ilitawaliwa na mabwana waliosoma katika shule za gharama kubwa. Kwao mtu kupokea hata senti moja kwa ajili ya mchezo ilikuwa aibu. Waliweza kusema hivyo kwa sababu wakienda kucheza hawakupungukiwa na kitu. Lakini kule kaskazini wachezaji wengi walikuwa wachimba makaa, watu wa viwanda vya nguo, na wapakuzi wa bandarini. Hao walikuwa kazini Jumamosi asubuhi. Mechi ikiwa mbali ilibidi mtu aache kazi mapema au asiende kabisa, na saa asizofanya kazi hazikulipwa. Basi mchimba makaa aliyeitwa kuuchezea mji wake aliulipia mchezo kwa chakula cha watoto wake.

Vilabu vya kaskazini havikuomba watu walipwe ili wacheze. Viliomba tu mchezaji arudishiwe mshahara uliokatwa. Ninyi mliopata kukatwa siku kwa kwenda kuzika jamaa mnafahamu mara moja maana ya ombi hilo.

Sasa tazameni mwezi wa Septemba, mwaka 1893. Wenye machimbo walitaka kupunguza mshahara kwa robo nzima. Wachimbaji walikataa, nao wakafungiwa milango. Huko Featherstone, katika chimbo la Ackton Hall, watu walikusanyika walipoona makaa yanapakiwa ili yapelekwe, hali wao wenyewe wamefukuzwa kazini. Polisi wengi walikuwa wamepelekwa mji wa Doncaster kulinda mashindano ya farasi, kwa hiyo wakaitwa askari wa jeshi. Tarehe 7 Septemba askari wakapiga risasi. Watu wawili wakafa, James Gibbs na James Duggan.

Siku kumi na tatu baadaye, tarehe 20 Septemba, wakuu wa raga wa nchi nzima walikutana katika hoteli mjini London. Wajumbe wa Yorkshire wakaleta ombi lao la kurudishiwa wachezaji mshahara uliopotea. Kura zikapigwa: 136 zilikubali, 282 zikakataa. Sisemi ya kwamba mambo hayo mawili yalipangwa na mtu mmoja. Nasema tu kwamba mfanya kazi wa kaskazini, akisoma magazeti ya mwezi ule, aliona ya kuwa shimoni na uwanjani anaambiwa neno lile lile: jasho lako ni lako, lakini bei yake tutaipanga sisi.

Mwaka wa 1895, tarehe 29 Agosti, vilabu vya kaskazini vilikutana katika hoteli ya George, mji wa Huddersfield, vikajitoa. Msimu wa kwanza vilikuwa vilabu 22. Viliruhusu mchezaji alipwe kwa ajili ya kazi aliyoikosa, isizidi shilingi sita kwa siku. Mwaka 1898 vikakubali kulipa wachezaji, lakini kwa sharti kwamba kila mmoja awe na kazi ya kweli ya kumlisha. Mwaka 1906 wachezaji wakapunguzwa toka 15 hata 13, ili mchezo uwe mwepesi na watu wapende kuutazama, kwa maana vilabu hivyo viliishi kwa kiingilio cha mlangoni.

Wale mabwana hawakusahau. Mtu aliyecheza raga ya ligi, hata bila kulipwa senti, alifungiwa raga yao. Ni mwaka 1987 tu waliporuhusu wachezaji wa ridhaa, yaani wasiolipwa, kwenda na kurudi. Na mnamo Agosti 1995, karibu miaka mia kamili baada ya mkutano wa Huddersfield, wakuu wa raga ya watu 15 wenyewe wakatangaza kwamba sasa wachezaji waweza kulipwa. Neno lililoitwa aibu mwaka 1895 likawa sheria mwaka 1995. Wanachama wanaochoka kungoja jibu la madai yetu na walikumbuke jambo hilo.

KILABU YA MJI MDOGO

Mwaka 1902, miaka tisa baada ya risasi zile, watu wa Featherstone walikutana katika hoteli ya hapo mjini iitwayo Railway Hotel, wakaunda kilabu yao, wakaiita Featherstone Rovers. Ilikuwa kilabu ya ridhaa. Kwa muda wa miaka 19 ilicheza katika mashindano ya wilaya na vilabu vingine vidogo. Mwaka 1921 ndipo ilipopokewa katika ligi kubwa.

Miaka 19, ndugu zangu! Mtoto aliyezaliwa kilabu ilipoanza alikuwa amekwisha kuwa kijana wa kushuka shimoni na kucheza. Hiyo ndiyo njia kilabu ya namna hii inavyokua. Haikui kwa tajiri mmoja kumwaga fedha siku moja. Hukua mtoto anapomfuata baba yake uwanjani, akaanza kwa kuokota mpira, kisha akacheza na wenzake wa mtaani, kisha akaingia timu ya vijana, kisha ya wakubwa. Na akizeeka anapiga chokaa mistari ya uwanja, au anakaa mlangoni kupokea kiingilio. Mji wenye watu wa kutosha wa kufanya kazi hizo zisizo na sifa una kilabu. Mji wenye wachezaji hodari tu, bila watu hao, una timu, na timu huweza kuvunjika baada ya mechi mbili.

Tena nawaomba msikilize sana habari hii ya fedha, maana ndiyo inayokaribia shauri letu. Mwaka 1920 ilipitishwa sheria huko Uingereza iliyowalazimu wenye machimbo kutoa peni moja kwa kila tani ya makaa iliyochimbwa. Fedha hizo ziliwekwa katika mfuko wa hali njema ya wachimbaji. Kwa mfuko huo vilijengwa viwanja vya michezo, majumba ya mikutano, na bafu za kuogea machimboni ili mtu asirudi nyumbani mweusi tii. Peni moja ni kitu kidogo. Lakini tani zilikuwa mamilioni, na haba na haba hujaza kibaba.

Angalieni mambo matatu juu ya peni ile. Jambo la kwanza, ilitoka kwa tajiri, wala wachimbaji hawakuona haya kuipokea, kwa sababu makaa yaliyoizaa waliyachimba wao. Jambo la pili, haikuwa zawadi. Iliandikwa katika sheria, kwa hiyo mkuu wa chimbo akikasirika hakuweza kuizuia. Jambo la tatu, katika kamati za wilaya zilizoangalia fedha hizo waliketi wajumbe wa wafanya kazi pamoja na wajumbe wa wenye machimbo. Mpaka leo katika nchi ile viko vilabu vya raga ya ligi vyenye jina la wachimbaji. Katika mji wa Leigh iko kilabu ya ridhaa iitwayo Leigh Miners Rangers, na machimbo ya mji huo yamekwisha kufungwa zamani. Makaa yamekwisha, jina la wafanya kazi limebaki.

Tena kule Featherstone, mwaka 1928, miaka saba tu tangu kuingia ligi kubwa, kilabu ilifika fainali ya ubingwa, ikashindwa na Swinton 11 kwa 0. Kombe la Challenge, ambalo ndilo kubwa la mchezo huo na fainali yake huchezwa Wembley mjini London, ililitwaa mara tatu: 1967, 1973 na 1983. Mwaka 1983 ilikutana na Hull, kilabu ya mji mkubwa wa bandari iliyokuwa bingwa wa ligi msimu ule. Watazamaji walikuwa 84,969. Dakika za mwisho Steve Quinn akapiga penalti ikapita katikati ya milingoti, na mji mdogo ukashinda 14 kwa 12.

CHIMBO LILIPOFUNGWA

Mwaka uliofuata, Machi 1984, wachimba makaa wa Uingereza waligoma kupinga kufungwa kwa machimbo. Mgomo ulidumu mwaka mzima. Katika vijiji vya machimbo kina mama walianzisha majiko ya jumuiya, wakalisha watu. Machi 1985 wachimbaji walirudi kazini bila kupata walichodai, na mwaka huo huo chimbo la Ackton Hall, lile lile la risasi za 1893, likafungwa.

Sasa fikirini. Kama Featherstone Rovers ingalikuwa timu ya chimbo, yenye jina la chimbo kifuani na nahodha aliyechaguliwa na ofisi ya chimbo, ingalikufa mwaka ule. Lakini ilikuwa kilabu ya mji. Chimbo likafa, kilabu ikaendelea kucheza. Sisi hapa Kenya hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kinyume. Wazee mliomo humu mwakumbuka timu za mpira zilizoitwa kwa majina ya viwanda. Kiwanda kilipofunga milango, timu nayo ikaisha, na vijana wakabaki na jezi zilizochakaa. Lakini vilabu vilivyoanzishwa na watu wenyewe, kama Gor Mahia ya 1968 na AFC Leopards iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, vimepita katika shida nyingi, vimekosa fedha, vimegombana, navyo vingali na watu.

Sitaki mdhani ya kwamba kilabu ya watu haipatwi na majaribu. Mwaka 1995 fedha nyingi za televisheni ziliingia katika raga ya ligi, na ikatangazwa mpango wa kuunganisha vilabu vilivyo jirani. Featherstone, Castleford na Wakefield viliambiwa viwe kilabu kimoja, kipewe jina la Calder. Watu wa mji walikataa. Mpango ukaanguka. Gharama ya kukataa ilikuwa kubwa, maana ligi mpya ya Super League ilipoanza mwaka 1996 Featherstone haikuwamo kati ya vilabu 12. Walijua hayo, na bado walitaka kilabu yao iwe ndogo na yao, kuliko iwe kubwa na ya mwingine. Mtu aweza kusema walikosa faida. Lakini uamuzi ulikuwa wa wenye kilabu, wala haukukatwa ofisini na watu wasiowahi kusimama mvuani kutazama mechi.

WACHEZAJI WA RIDHAA

Kuna neno moja zaidi la kuwaambia, kwa maana sisi hatutafuti Wembley. Sisi twataka vijana wetu wacheze Jumamosi badala ya kukaa mahali pa pombe. Basi katika raga ya ligi wachezaji wa ridhaa nao walipata shida yao. Kwa miaka mingi waliangaliwa na wakuu wa vilabu vinavyolipa, na hao, kama kawaida ya wakubwa, walishughulika na yao kwanza. Timu za ridhaa zikapungua, hasa za vijana. Mwaka 1973 watu wa ridhaa wakakutana, tena mjini Huddersfield, wakaunda chama chao wenyewe, kifupi chake BARLA. Maurice Oldroyd na Tom Keaveney ni kati ya waliokiongoza. Walianza na kilicho chini: timu za vijana, ligi za wilaya, na mafunzo ya waamuzi. Timu zikaongezeka tena. Mwaka 1986 wakaanzisha ligi ya taifa ya vilabu vya ridhaa, na humo ndani imepata kucheza kilabu nyingine ya mji ule ule, Featherstone Lions. Mji mdogo namna ile ulipata kuwa na kilabu inayolipa na ya ridhaa pia, kwa sababu chini yake walikuwako watoto waliocheza.

MAONI YANGU

Ndugu zangu, baada ya habari hizo naona kwamba wale wanaosema tukubali na wale wanaosema tukatae wote wana nusu ya kweli. Wachimbaji hawakuikataa peni ya tani. Walihakikisha tu kwamba imeandikwa, na kwamba wanaketi mahali inapogawanywa. Kwa hiyo nashauri hivi.

Kwanza, kilabu iwe ya wanachama, yenye katiba yake, mwenyekiti, katibu na mweka hazina waliochaguliwa kwa kura. Kila mwanachama atoe mchango mdogo kila mwezi, hata ukiwa bei ya kikombe cha chai. Mtu aliyetoa shilingi yake husimama mkutanoni kuuliza shilingi imekwenda wapi. Asiyetoa hutazama tu.

Pili, msaada wa tajiri tuupokee kwa mapatano ya maandishi, ya muda unaojulikana, kama tunavyofanya katika mambo ya mshahara. Jina la kampuni laweza kuandikwa begani. Kifuani liandikwe jina la kilabu. Nahodha na mkufunzi wachaguliwe na kilabu, na hapo tusilegee. Kama ofisi ndiyo inayomchagua nahodha, kijana anayesema kweli katika baraza la wafanya kazi ataachwa nje ya timu, na kila mtu ataelewa sababu yake bila kuambiwa.

Tatu, tuulize juu ya mshahara wa Jumamosi. Mchezaji aliye zamu siku ya mechi atapewa ruhusa? Atakatwa? Atabadilishana zamu na mwenzake? Jambo hili liliipasua raga ya Uingereza vipande viwili. Tusiliache lije kutupasua sisi.

Nne, timu ya kwanza kuundwa iwe ya watoto wa wanachama, wavulana na wasichana, na kiwanja chake tukitafute kwa baraza la mji, kisiwe ndani ya ukuta wa kampuni. Timu ya wakubwa ni rahisi kuikusanya. Timu ya watoto ndiyo itakayotuambia kama baada ya miaka 19 tutakuwa na kilabu.

Tano, daftari la fedha lisomwe mbele ya wanachama kila miezi mitatu, kama tunavyosomewa daftari la tawi. Vilabu vingi vilivyokufa havikuuawa na adui. Viliuawa na kiingilio cha mlangoni ambacho hakuna aliyejua kilihesabiwa na nani.

Najua wako watakaosema kwamba tajiri akisikia masharti haya ataondoa jezi zake. Yawezekana. Basi tutaanza na fulana za rangi moja, kila mtu akinunua yake, na mpira mmoja. Tajiri akirudi mwakani atatukuta tuna katiba, tuna watoto uwanjani, na tuna daftari safi, naye atazungumza nasi kwa namna nyingine.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Naomba kila mmoja apewe nafasi ya kuuliza, hasa vijana wenyewe na kina mama, kisha kura ipigwe kwa mikono.